Nusu karne ya Douglas Wallace na DNA ya mitokondria: lipi limethibitishwa, lipi bado linabishaniwa?

Mwalimu wa Baiolojia, Iringa

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita, na mada ya upumuaji wa seli hunipa kazi kuliko nyingine zote kwa sababu kitabu huishia palepale maswali ya wanafunzi yanapoanza. Kitabu kinaeleza kwamba mitokondria huzalisha nishati ya seli kwa njia ya ATP, kinaongeza sentensi moja kwamba zina DNA yake mbali na ile iliyomo ndani ya kiini, kisha kinahamia usanisinuru. Hivi karibuni mwanafunzi aliuliza kama DNA hiyo ya pembeni haiwezi kuharibika na kurithisha ugonjwa. Nilimtajia Profesa Douglas C. Wallace wa Marekani, ambaye ametumia maisha yake yote ya utafiti juu ya swali hilohilo, na nikaahidi kuandaa mada kamili kwa darasa zima.

Ninaomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, huyu profesa aliingiaje katika uwanja ambao wakati huo haukuwa na watu wengi? Pili, ni ushahidi gani hasa uliowashawishi madaktari? Tatu, nimesoma kwamba anahusisha mitokondria na kisukari, Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka), saratani na hata uzee wenyewe. Ningependa kujua ni wapi ushahidi unapokoma na dhana inapoanzia, maana sitaki kuwafundisha vijana jambo linalobishaniwa kana kwamba limekwisha.

Mtafiti wa Jenetiki

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa swali. Nitaanza na mazingira aliyoyakuta, kwa sababu bila hayo kazi yake haionekani uzito wake.

Wallace alizaliwa mwaka 1946 katika jimbo la Maryland, akasoma shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Cornell na kumaliza uzamivu Yale mwaka 1975. Wakati anaanza masomo ya juu, mambo mawili yalikuwa yamekwisha kujulikana. Mwaka 1962, Rolf Luft na wenzake wa Stockholm walikuwa wamemweleza mwanamke aliyekula sana, aliyetokwa na jasho jingi na kubaki amekonda, ilhali tezi yake ya shingo ilikuwa salama. Tatizo lilikuwa katika mitokondria za misuli yake. Mwaka uliofuata, Margit Nass na Sylvan Nass walionyesha kwamba ndani ya mitokondria mna nyuzi za DNA. Hata hivyo mambo haya mawili yalikaa kila moja kivyake. Hakuna aliyekuwa amethibitisha kwa binadamu kwamba DNA hiyo inabeba sifa yoyote inayoweza kuonekana na kupimwa, na wataalamu wengi wa jenetiki waliona kwamba kila kilicho muhimu kimo katika kromosomu za kiini, na kwamba kanuni za Mendel, za mtoto kurithi jeni kwa baba na mama kwa usawa, zinatosha.

Jaribio lake la uzamivu, alilolifanya katika maabara ya Jerome Eisenstadt, ndilo ninalokushauri uwaeleze wanafunzi kwa kirefu, kwa sababu linaeleweka bila mashine za kisasa. Walikuwa na seli za binadamu zilizokuwa zimepata uwezo wa kustahimili dawa ya kloramfeniko. Dawa hii huzuia utengenezaji wa protini ndani ya mitokondria, kwa kuwa ribosomu za mitokondria, yaani viwanda vidogo vya kutengeneza protini, zimefanana na za bakteria. Swali lilikuwa: ustahimilivu huo umeandikwa wapi, katika kiini au nje ya kiini? Wakaziondoa seli hizo viini vyake, wakabakiwa na saitoplazimu, yaani ute unaozunguka kiini, pamoja na mitokondria zilizomo, kisha wakaziunganisha na seli nyingine ambazo dawa ingeziua. Seli zilizotokana na muungano huo zilistahimili dawa. Kiini cha seli stahimilivu hakikuwepo tena, kwa hiyo sifa ilikuwa imesafiri ndani ya saitoplazimu. Baadaye, mwaka 1981, kundi lake lilionyesha badiliko lenyewe katika jeni ya RNA ya ribosomu ya mitokondria.

(Seli zilizotumika zilikuwa za HeLa, zilizotokana na Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi ambaye hakuwahi kuombwa ridhaa. Darasa la kidato cha sita linaweza kulijadili hilo kwa kipindi kizima.)

Kutoka Yale alikwenda Stanford, na huko mwaka 1980 yeye na wenzake walichapisha uthibitisho kwamba binadamu hurithi DNA ya mitokondria kutoka kwa mama peke yake. Walifuatilia tofauti ndogondogo za DNA hiyo katika familia, na kila mara mtoto alikuwa na aina ya mama, kamwe si ya baba. Mwaka uliofuata kundi la Cambridge nchini Uingereza likatoa mfuatano mzima wa DNA hiyo: jozi 16,569 za besi, yaani herufi za DNA, na jeni 37, ambazo kati yake 13 hutengeneza protini za mnyororo wa upumuaji, 22 ni za RNA za uhamishaji na 2 ni za RNA za ribosomu. Tangu hapo, daktari mwenye familia ambamo ugonjwa unapita kwa akina mama tu alikuwa na mahali pa kutafuta.

Wallace alihamia Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta mwaka 1983, na hapo ndipo kazi yake ilipofika kitandani kwa mgonjwa. Mwaka 1988 ndio mwaka wa kuwekewa alama. Mapema mwaka huo, Ian Holt, Anita Harding na John Morgan-Hughes wa London walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa misuli wamepoteza vipande vikubwa vya DNA ya mitokondria. Mwezi Desemba, kundi la Wallace likachapisha badiliko la herufi moja tu, katika nafasi ya 11778, kama chanzo cha ugonjwa wa macho uliokuwa umeelezwa na daktari Mjerumani Theodor Leber tangu mwaka 1871. Katika ugonjwa huo kijana, mara nyingi wa kiume, hupoteza uwezo wa kuona katikati ya upeo wa macho bila maumivu yoyote, jicho moja kwanza na jingine baada ya wiki au miezi. Kwa zaidi ya karne moja madaktari waliona kwamba wanaume wenye ugonjwa huo hawawarithishi watoto wao, na hawakuwa na maelezo. Badiliko hilo ndilo lililokuwa la kwanza la aina yake, yaani badiliko la herufi moja katika DNA ya mitokondria lenye kurithiwa na kuleta ugonjwa kwa binadamu. Mwaka 1990 kundi hilohilo likaongeza badiliko la nafasi ya 8344, linaloleta kifafa cha kushtuka misuli pamoja na udhaifu wa mwili.

Kuhusu swali lako la pili, kwa maoni yangu kilichowashawishi madaktari hakikuwa jaribio moja. Yale matatu yalishikana: sifa inasafiri nje ya kiini, inapita kwa mama, na badiliko lenyewe lipo kwa wagonjwa huku halionekani kwa watu wenye afya waliolinganishwa nao.

Mfamasia, Mwanza

Ndugu Mtafiti ametaja kloramfeniko kana kwamba ni kifaa cha maabara tu. Kwa sisi wa huku dawa hiyo ilikuwa mkombozi wa homa ya matumbo na uti wa mgongo kwa miaka mingi, na madhara yake kwa uboho tulifundishwa kuyaogopa kabla hatujaambiwa yanatokana na nini. Upungufu wa damu unaoongezeka kadiri dozi inavyoongezeka na unaorejea hali njema dawa inapoachwa ni matokeo ya mitokondria za uboho kuzuiwa kutengeneza protini zake. Ile aina nyingine ya nadra, ambapo uboho hufa moja kwa moja hata baada ya dozi ndogo, ina njia tofauti, na isichanganywe na hii.

Mwalimu akitaka mifano inayogusa hospitali zetu, ipo mingi zaidi. Stavudini ilikuwa katika mchanganyiko wa kwanza wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika nchi nyingi za Afrika miaka ya 2000, kwa sababu ilikuwa nafuu. Dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria. Ganzi na maumivu ya miguu, mashavu kubonyea kwa kupoteza mafuta, na mara chache asidi ya laktiki kujaa katika damu hadi kuua, yote hayo ni magonjwa ya mitokondria yaliyoletwa na dawa, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache hatua kwa hatua. Linezolidi, ambayo sasa ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu sugu, nayo huzuia ribosomu za mitokondria, ndiyo maana wagonjwa hufuatiliwa damu, miguu na macho.

Kuna pia suala la sindano za jamii ya streptomaisini, kanamaisini na jentamaisini. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba mtu mwenye badiliko katika nafasi ya 1555 ya DNA ya mitokondria anaweza kupoteza usikivu hata kwa dozi ya kawaida, kwa sababu badiliko hilo linaifanya ribosomu ya mitokondria ifanane zaidi na ya bakteria ambayo dawa imekusudiwa kuishambulia. Si kila aliyeziwika kwa sindano hizo ana badiliko hilo, kwani dawa zenyewe hudhuru sikio zikizidi. Lakini mgonjwa akisema kwamba mama yake na mjomba wake upande wa mama walipoteza usikivu baada ya sindano, muuguzi au tabibu alipe neno hilo uzito. Na mtu yeyote anayesoma hapa asiache dawa zake kwa sababu ya maelezo haya bila kuonana na anayemtibu.

Mwalimu wa Baiolojia, Iringa

Marahaba Ndugu Mtafiti, na ahsanteni nyote. Mfano wa streptomaisini nitautumia bila shaka. Swali moja linanisumbua kabla hatujafika kwenye lile la tatu: kama mama huwapa watoto wake wote mitokondria zake, iweje katika familia moja kaka awe mahututi, dada awe na kisukari tu na mdogo wao awe mzima kabisa?

Mtafiti wa Jenetiki

Hapo ndipo jenetiki hii inapoachana kabisa na ile ya Mendel. Seli moja ina nakala mia kadhaa au maelfu ya DNA ya mitokondria, na mara nyingi nakala zenye badiliko huishi pamoja na zilizo salama. Mayai ya mama yanapotengenezwa, ni sehemu ndogo tu ya nakala hizo inayopita na kuongezeka. Ni kama kuchota konzi kutoka gunia la mchele uliochanganyika na chuya: konzi moja inaweza kutoka karibu safi, nyingine ikajaa chuya, ingawa gunia ni lilelile. Kwa hiyo ndugu wa tumbo moja huanza maisha na viwango tofauti, na hata ndani ya mwili wa mtu mmoja ubongo, misuli na damu vinaweza kutofautiana.

Halafu kuna kizingiti. Seli huvumilia nakala mbovu hadi zinapovuka kiwango fulani, ambacho kwa mabadiliko mengi kiko kati ya asilimia 60 na 90, na viungo vinavyotumia nishati nyingi ndivyo hushindwa kwanza. Ubongo ni takribani asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake wakati wa kupumzika. Ndiyo sababu orodha ya dalili inaonekana haina mpango: kifafa, uziwi, upofu, kisukari, moyo dhaifu, misuli inayochoka. Badiliko la nafasi ya 3243, kwa mfano, linaweza kumletea mtu mmoja kiharusi akiwa kijana, na ndugu yake kisukari pamoja na uziwi akiwa mtu mzima.

Ugonjwa wa Leber wenyewe hauingii vizuri katika maelezo haya, kwani wengi wenye badiliko lile wanalo katika nakala zote, na bado takribani nusu ya wanaume na mmoja kati ya wanawake kumi ndio hupoteza kuona. Moshi wa tumbaku huongeza hatari. Tofauti ya wanaume na wanawake haijapata maelezo kamili.

Daktari wa Magonjwa ya Ndani, Nairobi

Nitajibu swali la tatu, na nitakuwa mkali kidogo kuliko wenzangu, ingawa ninamheshimu sana Wallace.

Kazi yake ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, iliyoelezwa hapo juu, haina ubishi, na ndiyo iliyompa nafasi katika Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani mwaka 1995 na Tuzo ya Gruber ya Jenetiki mwaka 2012. Sehemu ya pili ni dhana pana aliyoitetea akiwa Chuo Kikuu cha California, Irvine, kuanzia mwaka 2002, na katika Hospitali ya Watoto ya Philadelphia alikohamia mwaka 2010. Anadai kwamba utabibu wa Magharibi umejengwa juu ya anatomia, kila kiungo na bingwa wake, na kwamba ndio maana umeshindwa kuona chanzo cha magonjwa ya kawaida yanayogusa viungo vingi kwa wakati mmoja. Kwake yeye, chanzo kimoja kinachounganisha mengi ya magonjwa hayo ni upungufu wa nishati.

Dhana hiyo ina msingi wa kuiheshimu. Mwaka 1992 kundi lake lilieleza familia ambamo kisukari na uziwi vilipita kwa akina mama kwa sababu ya kipande cha DNA ya mitokondria kilichopotea. Mwaka 2012 walichapisha jaribio la panya linalonishangaza mpaka leo: walichanganya ndani ya panya aina mbili za DNA ya mitokondria, zote zikiwa salama, na panya wale wakawa wazito wa kutembea na kujifunza kuliko wale wenye aina moja tu. Vilevile jeni kadhaa za Parkinson ya kurithi zinahusika na utunzaji wa mitokondria chakavu.

Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba mitokondria ndiyo sababu ya kisukari cha shangazi yako mwenye uzito mkubwa na umri wa miaka 60 ni safari ndefu, na sehemu kubwa ya njia haijakanyagwa. Mitokondria iliyoharibika katika tishu ya mgonjwa inaweza kuwa chanzo, inaweza kuwa tokeo, na inaweza kuwa vyote viwili kwa mzunguko. Kisha kuna hoja yake ya mwaka 2003, kwamba aina za DNA ya mitokondria zilizoenea katika maeneo ya baridi zilichaguliwa kwa kuwa zilizalisha joto zaidi. Watafiti wengine walipoipima kwa takwimu nyingine hawakukubali, wakiona kwamba uhamaji na bahati vinatosha kueleza. Mwalimu, hiyo ningeiweka darasani chini ya kichwa cha dhana, na ningewaambia vijana kwamba ni jaribio gani lingeweza kuiangusha.

Jambo moja la ziada ambalo wapenzi wa Wallace hulisahau: protini zaidi ya elfu moja hufanya kazi ndani ya mitokondria, na 13 tu ndizo zinazotoka katika DNA yake. Zilizobaki zimeandikwa kwenye kiini. Watoto wengi wenye ugonjwa wa mitokondria wameurithi kwa wazazi wote wawili, kwa kanuni zilezile za Mendel, na sisi tunaoandika valproeti kwa kifafa cha mtoto tunapaswa kukumbuka kwamba mwenye hitilafu katika jeni ya POLG, ambayo iko kwenye kiini, anaweza kuharibikiwa ini kwa dawa hiyo.

Mtafiti wa Jenetiki

Nakubaliana na Daktari karibu katika yote, isipokuwa kwamba ningempa Wallace haki zaidi kwa kuuliza swali. Magonjwa ya mitokondria yaliyothibitishwa, yakijumlishwa, humpata takribani mtu mmoja kati ya 5,000, na takribani mtu mmoja kati ya 200 hubeba badiliko lenye madhara hata kama yeye mwenyewe haumwi. Bila mtu wa kung'ang'ania, wagonjwa hao wangeendelea kugawanywa kati ya daktari wa macho, wa masikio na wa moyo.

Kuhusu tiba, mwambie mwanafunzi wako kwamba hatua kubwa zaidi imepigwa Newcastle, Uingereza, na kundi la Doug Turnbull na wenzake. Bunge la nchi hiyo liliidhinisha mwaka 2015 kwamba viini vya yai lililorutubishwa la mama mwenye badiliko vihamishiwe kwenye yai la mwanamke mwingine lenye mitokondria salama. Mwezi Julai 2025 iliripotiwa kwamba watoto 8 walikuwa wamezaliwa kwa akina mama 7, huku kiwango cha DNA yenye badiliko katika damu yao kikiwa kati ya kutoonekana kabisa na asilimia 16, chini ya kizingiti. Hii ni kinga kwa mtoto anayekuja. Mgonjwa aliyekwisha zaliwa hana dawa ya kuondoa badiliko, ingawa idebenoni iliidhinishwa Ulaya mwaka 2015 kwa ugonjwa wa Leber.

Na kwa kuwa darasa liko Iringa, ongeza hili. Mfuatano wa kulinganishia unaotumika duniani ni ule wa Cambridge, uliosahihishwa mwaka 1999, na ni wa mtu wa asili ya Ulaya. Matawi ya kale zaidi ya DNA ya mitokondria yako Afrika, na mwaka 2007 kundi la Sarah Tishkoff lilichapisha mifuatano kamili kutoka kwa watu wa Tanzania ambayo baadhi yake iko katika matawi hayo ya mwanzo. Sampuli ya Mtanzania ikilinganishwa na mfuatano wa Cambridge kwa kawaida huonyesha tofauti nyingi kuliko ya Mwingereza, karibu zote za kawaida kabisa kwa ukoo wake. Mtaalamu asiyejua hilo anaweza kuita ugonjwa kitu ambacho ni asili tu, au akashindwa kuliona badiliko halisi katikati ya wingi huo. Wallace alianzisha hifadhidata ya MITOMAP mwaka 1996 ili kila badiliko liandikwe pamoja na ukoo linamopatikana, na hadi leo ipo wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Wanafunzi wako wanaweza kuifungua, wakatafuta nafasi ya 11778, kisha ya 1555, na kusoma wenyewe kilichoandikwa.

Mwalimu wa Baiolojia, Iringa

Nimeifungua sasa hivi na inafanya kazi hata kwa simu. Nitagawa mada katika vipindi viwili: jaribio la kloramfeniko na familia za Leber kwanza, kisha mjadala wa dhana ya nishati, ambao nitauendesha kwa maswali ya Daktari. Mfamasia, kwa ruhusa yako nitauchukua mfano wa stavudini kama ulivyouandika.